Ukoo Niliofungia Kwenye Kompyuta

Jumapili, 1 Septemba 2024

Leo nimeitengeneza kompyuta mwenyewe, kwa mikono yangu miwili na elimu yangu ya darasa la nne. Nkende nzima hakuna mzee mwingine wa kufanya hivyo. Watu walitaje hilo siku ya msiba wangu.

Uongo. Nimeizima tu. Nimechomoa waya ukutani, nikaupuliza, nikaurudisha. Ikawaka na ugonjwa wake uleule.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Inawaka vizuri. Inaonyesha picha ya mlima, jina langu Matiko, na kisanduku cha kuandikia neno la siri. Naandika. Nabonyeza. Kioo kinakuwa cheusi, muda wa kupepesa jicho — halafu tunarudi palepale. Mlima, Matiko, kisanduku. Haisemi nimekosea. Haisemi chochote. Ni kama mtu aliyekufungulia mlango, akakutazama usoni, akaufunga polepole.

Nimejaribu mara thelathini na moja. Nilikuwa nahesabu kwa punje za mahindi. Kuku akala hesabu.

Ndiyo maana nimerudi kwenye daftari na kalamu, mimi niliyewacheka wenzangu kwamba karatasi ni za watu wa zamani.

Na wazee wa Mbalibali wanakuja Jumamosi. Siku sita! Wanakuja kwa ajili ya Joel, mjukuu wa marehemu kaka yangu Simioni. Joel anafanya kazi ya mabomba ya maji kule Manchira. Huko akampata Elieth, binti wa Mbalibali, na sasa hali wala halali. Lakini kuna maneno kwamba nyumba ya binti ilianzia kwa Wegesa, dada wa babu yetu, aliyeolewa huko zamani sana. Kama ni damu moja, hakuna ndoa. Baba yake Elieth amesema hasubiri: Jumamosi lijulikane, la sivyo kuna watu wengine wanaopiga hodi.

Sasa ni nani alisimama kwenye kikao, kidole juu, akasema, "Msihangaike! Ukoo wote uko kwenye kompyuta yangu, siku hiyo nitawasomea"?

Mimi.

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimempigia Winfrida, binti yangu wa Mwanza. Kompyuta hii ilitupwa na ofisi yake, yeye akaisafisha, akaitia Linux, mfumo wa bure, na kuniletea, eti baba asikae bure. Swali lake la kwanza, hata salamu haijaisha:

"Baba, umegusa nini?"

Nikasema sijagusa. Umeme umekatika na kurudi kwa nguvu.

Akanyamaza. Mtoto akinyamaza namna ile, ujue amemjua baba yake. Akasema nimpelekee Sabaha, yule dada mwenye kibanda cha ufundi mjini, karibu na stendi. Walisoma pamoja.

Hapa hakuna mtu, basi niandike ukweli. Umeme hauna kosa. Ni madume.

Napenda kutazama video za madume ya ng'ombe yakipigana. Sasa kwenye kompyuta hii dume likishusha pembe linakwama. Unaona pembe, unasubiri — halafu unaona mwenzake yuko chini. Kipigo chenyewe hukukiona! Ndipo nikampata kijana mmoja kwenye video, Mkenya, anaongea kama anafukuzwa. Anasema kadi ya picha inataka draiva mpya, yaani programu ya kuiendesha. Nikaandika kila alichoandika, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, tangu chai hadi chakula cha mchana. Kompyuta ikaniuliza kitu kwa Kiingereza. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo. Mtu mwenye heshima hakatai kila kitu.

Madume sikuyaona tena. Na mimi sijaingia tena.

Sasa hili jingine ni baya zaidi, kalamu yenyewe inasitasita. Ukoo huu Simioni aliuandika kwa mkono wake kwenye daftari kubwa. Mwezi wa nne alikuja hapa siku mbili akinisomea, mimi naingiza kwenye kompyuta. Mwezi wa tano akafa. Daftari likabaki kwangu. Karatasi yake nyembamba, laini, inashika moto vizuri.

Nimeuvuta ukoo. Msokoto mmoja mmoja, na tumbaku yangu, tangu mwezi wa sita. Nilisema si uko kwenye kompyuta? Babu yangu mzaa baba nilimvuta baada ya ugali. Nakumbuka alikuwa mkali.

Jumanne, 3 Septemba 2024

Aibu. Aibu yenye miguu, imetembea mji mzima kabla sijafika nyumbani.

Nimeenda na kompyuta kwenye toroli, nimeifunika kanga ya mke wangu. Bhoke mwenyewe yuko kwao Mbalibali wiki ya tatu sasa, anamuuguza mama yake aliyeteguka nyonga. Njiani nani kanidaka? Nchagwa, tuliyetahiriwa mwaka mmoja. Mtu wa rika lako hawezi kukuona na toroli akakuacha.

"Mura," akaniita kama bado tu vijana, "umebeba maiti ya nani?"

Nikamwambia ni kompyuta. Akasema basi ni msiba kweli, akanifuata.

Sabaha ana adabu. "Shikamoo, babu." Babu yake mzaa baba alitoka Tanga akaja kushona nguo hapa, lakini yeye amezaliwa hapahapa, hata kutukana anatukana kama sisi. Akachomeka nyaya zake, akaandika neno la uongo kwenye kisanduku. Kompyuta ikasema limekosewa. Akaniambia niandike la kweli. Nikaandika: kiza, kupepesa, mlima.

"Umeona, babu? Ukikosea inasema. Ukipatia inakurudisha kimya. Maana yake wewe imekukubali. Kilichokataa ni picha. Kuna mtu ameweka draiva isiyo ya kadi hii."

"Umeme huo," nikasema.

"Umeme haujui kuweka draiva, babu."

Nchagwa akacheka, akavuta kigoda kukaa. Alipovuta kigoda nilitakiwa nijue siku imeharibika.

Sabaha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Mlima ukaondoka, kikaja kioo cheusi chenye maandishi meupe. Akasema huu ni mlango wa nyuma, hauna picha, kwa hiyo picha haiwezi kutuzuia. Niandike jina, kisha nywila. Nywila ndiyo hilo neno la siri, wasomi wamelibatiza. Nikabonyeza — hakuna kitu! Hata nukta moja! Nikasema kibodi yako imekufa, dada. Akasema hapo huwa haionyeshi, andika tu. Sasa mimi huandika kwa kuhesabu nukta. Bila nukta mimi ni kipofu sokoni. Mara tatu nikakosea.

"Niandikie kwenye karatasi, nitaingiza mimi."

Nikatoa jasho.

Kwa sababu neno la siri, nilipoambiwa nichague, niliona nichague ambalo hakuna mtu duniani amewahi kulisikia kinywani mwangu. Miaka arobaini na sita ya ndoa! Nikaweka jina la mama mkwe. Kwetu mkwe hatajwi. Njia moja hampiti, sahani moja hamli, na jina lake unalizunguka kama shimo. Mwizi angetafuta jina la ng'ombe wangu, la watoto wangu, asingefika huko. Niliona nina akili nyingi. Na kubonyeza si kutamka, nilijiambia. Vidole havina mdomo.

Nikaandika kwenye kipande cha boksi, nikampa kwa kukunja. Nikasema ni siri. Sabaha hakujua. Akakunjua, akasoma kwa sauti ya kupigia mnada — jina zima, na la baba yake juu yake!

Halafu Nchagwa akasimama. Akavua kofia.

"Matiko. Huyo si mkweo?"

Nikanyoosha mkono kukidaka kile kipande cha boksi.

"Huyo mama mzima wa Mbalibali, wewe unamfinya kwa kidole kila asubuhi?"

Mama muuza chapati aliziba uso kwa upande wa kitenge, mabega yakicheka. Nikang'oa nyaya, nikapakia kompyuta, nikasukuma toroli kama naenda kuzima moto.

Nimefika nyumbani nimegundua nimeondoka na nyaya mbili za Sabaha. Sasa mimi ni mwizi pia.

Jumatano, 4 Septemba 2024

Sikutoka. Nchagwa amepita barabarani mara mbili akiuliza watu kwa sauti kubwa kama kuna anayejua namna ya kufungua kompyuta.

Alhamisi, 5 Septemba 2024

Bhoke amepiga simu. Nilijua kwa mlio wake.

"Baba Winfrida."

Akiniita hivyo bila kuuliza kama nimekula, kuna kesi.

"Nimesikia kwa jirani yetu Rose, Rose kasikia kwa mke wa Nchagwa. Ni kweli?"

Nikasema ni heshima. Watu hufungia vitu vya thamani kwa kitu cha thamani.

"Usinichekeshe. Mama amesikia."

"Amesemaje?"

"Hajasema. Amegeukia ukutani. Tangu jana uji hajanywa."

Hapo nilikaa chini. Mama yule ana miaka tisini. Katika miaka arobaini na sita mimi na yeye hatujatazamana macho kwa macho, na bado naweza kusema sijawahi kuwa na rafiki kama yeye. Bhoke alipotaka kuniacha mwaka wa themanini na nne, kwa sababu ambazo siziandiki hapa kwa kuwa zina jina, ni yeye aliyemrudisha. Nami nimemfanya ufunguo wa kutazamia madume.

Nikamwambia Bhoke amwombee msamaha kwa niaba yangu. Akasema, "Msamaha unaombewa mtu aliyekufa? Wewe si mzima?" Akakata.

Jioni kabla jua halijazama Sabaha amekuja kudai nyaya zake. Ameomba radhi hadi mimi nikaona aibu mara mbili. Eti hakujua. Nikamwambia asingeweza kujua, mjinga ni aliyeandika. Kesho atakuja kuitengenezea hapahapa nyumbani, milango imefungwa.

Ijumaa, 6 Septemba 2024

IMEFUNGUKA!

Lakini ngoja, niandike kwa mpangilio.

Sabaha alifika asubuhi. Safari hii niliandika neno lile mwenyewe, macho nimefumba, vidole vinajua njia vyenyewe. Kioo cheusi kikanipokea. Akaanza kazi. Kila amri ya maana anaianza na neno sudo — akasema ni kama kuomba ruhusa kwa mkubwa kabla ya kugusa kitu. Nikamwambia basi hata mashine zina wazee. Akaifuta draiva ya yule Mkenya, yote na vipande vyake, mistari ikashuka mingi kama mvua ya masika. Wakati inashuka akaniuliza kwa nini nahangaika hivi, faili gani hilo.

Nikamweleza habari za Wegesa. Kwamba swali ni moja tu: huko Mbalibali Wegesa alizaa, au alioa?

"Alioa? Babu, mwanamke anaoaje?"

"Kwa ng'ombe, kama mtu yeyote."

Akaacha kuandika. Nikamwambia ndiyo nyumba ntobhu. Mama asiyepata mtoto, akiwa na ng'ombe, anamtolea binti mahari. Binti anakuja, anazaa, na watoto ni wa yule mama. Wanabeba jina lake, wanarithi kwake.

"Na baba yao?"

"Baba haulizwi."

Basi kama Wegesa alizaa kwa tumbo lake, Elieth ana damu yetu na Joel atafute kwingine. Kama Wegesa alioa, Elieth ni wa nyumba ya Wegesa lakini damu yetu hana hata tone. Na wenyewe wa Mbalibali hawawezi kusema. Katika nyumba ile kuuliza nani alizaa nani ni kumtukana bibi yao. Wamesema: ninyi ndio wenye dada, semeni ninyi.

"Kwa hiyo ndoa ya watu iko humu," akasema Sabaha, akaigonga kompyuta kwa kucha, "na wewe ukaenda kuchokoza draiva."

"Umeme," nikasema. Tukacheka wote.

Akaizima, akaiwasha. Mlima. Matiko. Kisanduku. Nikaandika. Kiza — halafu pwaa! Picha ya dume langu la zamani lililokufa, kioo kizima, na mafaili yangu yote pembeni. Nilimshika Sabaha mkono nikasahau kwamba ni mke wa mtu. Madume bado yanakwama. Yakwame!

Alipoondoka ndipo nikafungua faili la ukoo. Nilitaka nilisome peke yangu, na miwani, kwa heshima. Ukurasa wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu nikamfikia babu, kisha dada zake. Naandika hapa kama ilivyoandikwa:

"Wegesa, wa tatu. Akaolewa Mbalibali kwa ng'ombe kumi na nane. Akakaa miaka mingi. Kisha aka"

Basi. Chini yake peupe.

Aka. Akazaa? Akaoa? Akafa? Aka nini!

Na nilikumbuka. Simioni alikuwa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba, daftari mapajani, anasoma. Mimi nikamwambia, "Ngoja kidogo kaka, kuna dume hapa linataka kuanguka." Akangoja. Akanywa chai yake. Nilipogeuka alikuwa amesinzia, kidole chake bado kiko kwenye mstari. Sikumwamsha. Kesho yake nikamwambia tumemaliza, naye hakubisha. Simioni hakuwa mtu wa kubisha.

Nilidhani nimefika mwisho wa ukoo. Nilikuwa nimefika kwenye dume.

Na ukurasa ule wa Wegesa nimeuvuta.

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Nipo nyuma ya jiko na daftari hili. Wazee wako uani. Wamefika sita, mbele yao Sadock, baba mkubwa wa Elieth, mtu mrefu asiyecheka. Wamekula. Wamenawa. Sadock akasema, "Mzee Matiko, tunakusikiliza." Nikawaambia kompyuta inapasha moto. Sita wote wakaikubali sentensi hiyo. Nchagwa, aliyealikwa kama mzee wa upande wetu, peke yake alitazama pembeni.

Joel amenifuata huku. Shati amelipiga pasi hadi kola inakata.

"Babu, imesemaje?"

Nilitaka kudanganya. Neno lilikuwa tayari mdomoni: alioa. Nani angejua? Herufi mbili naongeza kwenye faili, Sadock anaona kwa macho yake, Joel anaoa. Vidole havina mdomo. Lakini kama ni damu? Watoto wao je? Na Simioni alikaa na kidole kwenye mstari ule akiningoja.

Nikamwambia, "Imeishia njiani, mwanangu. Kosa ni langu." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaanza kuvuta uzi wa mkono wa shati.

Duniani amebaki mtu mmoja aliyemjua Wegesa. Alipoletwa Mbalibali kama bi arusi, boma lake na la Wegesa yaligawana ua. Walikoka moto pamoja miaka kumi. Na mtu huyo amelala kwa siku tatu akitazama ukuta kwa sababu yangu.

Nimempigia Bhoke. Nikamwambia yote, hata madume, hata tumbaku. Akasema anaweka simu juu ya stuli karibu na kitanda, mimi niongee naye, yeye atampa mama maneno. Hivyo hakuna aliyemsemesha mkwe wake. Nasikia kitanda kinalia. Nasikia kuku wa Mbalibali. Uani kwangu kuna mtu amekohoa, nadhani ni Sadock.

Nimeyaandika kwanza hapa ili ulimi usiniangushe. Nitayasoma hivi:

Bhoke, mwambie mama kwamba mimi ni mpumbavu na hilo halihitaji kikao. Jina lake nimeliondoa, Sabaha amenionyesha namna, sasa kompyuta inafunguka kwa jina langu mwenyewe ambalo halina thamani. Mwambie anywe uji. Kisha mkumbushe mwaka ule wa mvua kubwa, bati zake zilipong'oka. Nilikuwa juu ya paa lake siku nzima, yeye amejifungia jikoni tusionane, anapitisha maji ya kunywa chini ya mlango kwa bakuli. Nilipomaliza, alisema kupitia mlango, nawe Bhoke ulikuwepo: kuna siku utaniomba kitu kidogo, nami sitakataa. Sijawahi kuomba. Leo naomba. Si lazima ageuke. Si lazima aseme na mimi. Neno moja tu, akuambie wewe, au aliambie ukuta, mimi nitasikia:

Wegesa alizaa, au alioa?